Mkristo na Sinema za Ashiki za Kale: Tuulize Aliyedhalilishwa ni Nani

Kuna swali ambalo wanafunzi wa vyuo wanaoishi Kahawa Wendani, Kahawa Sukari na Githurai hawachoki kuwauliza walimu wao, hasa walimu wanaojulikana kuwa waumini. Je, Mkristo ana ruhusa ya kutazama sinema za zamani zenye mambo ya watu wazima, zile zilizozusha kishindo Ulaya na Marekani kati ya miaka ya 1930 na 1970, na ambazo leo husomwa vyuoni kama sehemu ya historia ya sanaa? Aghalabu mwulizaji hupewa mojawapo ya majibu mawili. Mhubiri humwambia kwamba filamu chafu ni filamu chafu, iwe ya jana au ya mwaka wa 1933. Mwenzake wa chumbani humwambia kwamba hiyo ni sanaa, na kwamba mtu aliyeelimika haoni haya mbele ya sanaa. Nionavyo mimi, majibu yote mawili yana kasoro moja, na kasoro yenyewe ni ya lugha kabla haijawa ya maadili.

Swali hili halikuwa zito sana enzi ambapo sinema ilikuwa na mlango na mlango ulikuwa na bawabu. Wakazi wa makamo wa ukanda huu wanaikumbuka Fox Drive-In iliyokuwa kando ya barabara ya Thika, ambako familia zilitazama picha zikiwa ndani ya magari yao. Kabla ya picha kufika mahali kama hapo, ilikuwa sharti ipite mbele ya wakaguzi kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222 ya Sheria za Kenya. Chini ya sheria hiyo, Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, imekuwa ikizitenga filamu za watu wote, zinazohitaji uelekezi wa wazazi, za waliotimiza miaka 16 na za waliotimiza miaka 18. Lakini bawabu, hata awe hodari namna gani, hawezi kulinda nyumba isiyo na ukuta. Bodi ilipoipiga marufuku filamu ya The Wolf of Wall Street mnamo Januari 2014, aliyekuwa na intaneti hakuzuiwa na chochote. Leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akiwa amejilaza katika chumba cha kupanga, anaweza kuipata karibu kila filamu iliyowahi kukatazwa na serikali au kanisa. Ukaguzi, basi, umehamia kichwani mwa mtazamaji, na kichwa kisichopewa vipimo hakiwezi kupima.

Tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Tuna uchi na utupu, ambayo ni maneno ya hali ya mwili tu. Mtoto anayeogeshwa yu uchi na hakuna anayemlaumu. Tuna ashiki, yaani shauku ya mapenzi ya mwili, shauku ambayo Maandiko yenyewe hayakuionea haya kiasi cha kuikosesha nafasi. Wimbo Ulio Bora umo katika Biblia ya kila Mkristo. Tuna uasherati na uzinzi, maneno mawili ambayo wahubiri wetu huyatenganisha kwa makini, kwa kuwa la pili hugusa ahadi ya ndoa. Tuna ufuska na upujufu, ambayo ni maneno ya tabia. Halafu tuna ponografia, neno tulilolipokea kupitia lugha za Ulaya na ambalo asili yake ni Kigiriki: maandishi kuhusu kahaba. Tazama, msomaji, shina la neno hilo lilivyo. Linataja mtu anayeuzwa. Wala halitaji ngozi.

Pamoja na utajiri huo wote, mimbarini na madarasani tumebaki na neno moja tu, "chafu". Filamu inayoonyesha mke na mume kitandani ni chafu. Inayoonyesha msichana akibakwa ni chafu. Inayoonyesha makahaba wakinyanyaswa, ikiwa na nia ya kutufanya tuwahurumie, nayo ni chafu. Neno linaloeleza kila kitu halielezi kitu. Kijana akishagundua kwamba mwalimu wake hatofautishi ndoa na ubakaji anapozungumzia sinema, huacha kumsikiliza katika mengine pia.

Wazee wetu hawakuwa na uvivu huo. Katika jamii za pwani, kungwi au somo humfunza mwari mambo ya unyumba kwa maneno ya wazi kabisa, tena wakati mwingine kwa nyimbo na vitendo. Maneno hayo hayo yakitamkwa sokoni, mbele ya wakwe na watoto, ni matusi ya kuvunja ukoo. Maneno hayakubadilika. Kilichobadilika ni msemaji, msikilizaji, mahali na kusudi. Jamii nyingi za bara nazo zilikuwa na mafunzo ya jandoni yaliyofuata kanuni hiyo hiyo. Kwa hiyo hata kabla ya kanisa kufika, watu wetu walijua kwamba heshima haipimwi kwa kilichosemwa pekee; hupimwa kwa uhusiano uliopo baina ya watu.

Hapa ndipo sarufi inapoweza kumsaidia Mkristo. "Chafu" ni kivumishi, na kivumishi hukaa kando ya nomino bila kutuambia nani alimfanyia nani nini. Kitenzi hakikubali kujificha hivyo. Kitenzi cha Kiswahili hudai mtenda, na mara nyingi hudai mtendwa. "Alivua nguo" na "alivuliwa nguo" ni sentensi zinazotofautiana kwa kiambishi tu, lakini mbele ya haki zimeachana kama mbingu na ardhi. "Kudhalilisha" ni kitenzi kisichotulia mpaka tumjue aliyedhalilisha na aliyedhalilishwa. Pendekezo langu kwa walimu na wanafunzi ni hili: tunapoihukumu sinema ya ashiki, ya kale au ya sasa, tuanze na kitenzi. Nani alifanyiwa nini, na nani, na kwa faida ya nani?

Mtu asidhani kwamba hili nimelitoa katika isimu pekee. Ndivyo nabii Nathani alivyohukumu. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11, mfalme Daudi alikuwa akitembea juu ya jumba lake jioni alipomwona mwanamke akioga. Tungetumia lugha ya leo, tungesema Daudi alikuwa mtazamaji. Mwandishi hakukificha kisa hicho, na kimesomwa makanisani karne na karne. Lakini angalia alivyokiandika. Urembo wa Bathsheba ameutaja kwa maneno machache, akapita. Hila za mfalme, barua ya kifo ambayo Uria aliibeba kwa mikono yake mwenyewe, na namna askari yule mwaminifu alivyoachwa afe vitani, hayo ameyaeleza kwa urefu. Msomaji haachiwi nafasi ya kukaa juu ya paa pamoja na Daudi akiendelea kutazama. Anashushwa hadi kwenye kaburi la Uria.

Nathani alipomwendea mfalme, hakumpa mafunzo juu ya uchi. Alimsimulia habari za maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja tu, akapokonywa na tajiri. Yaani alimlazimisha Daudi amwone mtu aliyeumizwa. Na Yesu, katika Injili ya Mathayo sura ya 5, anapozungumzia mwanamume anayemtazama mwanamke kwa kumtamani, mzigo anautwika jicho la mtazamaji. Hakuna pahali hapo anapomlaumu mwanamke aliyetazamwa. Tukiunganisha mafunzo hayo mawili tunapata vipimo viwili vilivyo wazi: jicho langu linafanya nini, na aliyeko mbele ya jicho langu amefanywa nini.

Historia ya kanisa na sinema inaonyesha kwamba kipimo cha kwanza tumekihangaikia sana, na cha pili tumekisahau. Mnamo Desemba 1956 Kadinali Francis Spellman wa New York alipanda mimbari ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick akawaonya Wakatoliki wasiitazame filamu ya Baby Doll, iliyoelekezwa na Elia Kazan. Kadinali mwenyewe hakuwa ameitazama. Alipoulizwa, alijitetea kwamba si lazima mtu augue ndipo aujue ugonjwa, wala anywe maji yenye sumu ndipo awakataze wengine. Katika mji huo huo, James Pike, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa msimamizi wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana, alimjibu kwamba filamu ya The Ten Commandments, iliyotoka mwaka huo huo, ilikuwa na ashiki zaidi. Aliongeza kwamba kazi ya kanisa si kuwazuia watu wazima wasiione filamu, bali kuwapa msingi wa kuifasiri.

Hoja ya Spellman siidharau. Kweli sumu haionjwi ili ijulikane, na mzazi hangoji mwanawe aathirike ndipo amkataze. Lakini anayekataza sumu huwa amepewa habari na mtu aliyeipima. Kanisa lisilo na wapimaji litakataza maji safi na kuyaruhusu yenye sumu, maadamu yamewekwa katika chupa yenye jina la Musa. Ni wangapi miongoni mwetu walioonyeshwa The Ten Commandments katika ukumbi wa shule au kanisa, pamoja na wachezaji wake waliovaa nusu na maonyesho ya karamu za dhambi, bila mwalimu kusita hata kidogo? Jina la filamu lilitosha kuwa cheti.

Tena kulikuwa na upofu mwingine, na huu unatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Mnamo 1930 wenye studio za Hollywood walikubali mwongozo wa maadili ulioandikwa na padri Mjesuti, Daniel Lord, pamoja na mchapishaji Mkatoliki, Martin Quigley. Ulianza kutekelezwa kwa ukali mwaka wa 1934, na haukuondolewa hadi 1968. Mwongozo huo ulikataza uchi. Hata hivyo, baadaye ulikuja kuacha mwanya: wenyeji wa nchi za mbali wangeweza kuonyeshwa jinsi walivyo iwapo picha zilipigwa katika nchi zao. Kabla ya hapo, Trader Horn, filamu ya kampuni ya MGM iliyotoka 1931 baada ya kupigwa katika nchi zetu za Afrika Mashariki na Kongo, ilikuwa tayari imewaonyesha wanawake wa Kiafrika wakiwa vifua wazi. Mavazi ya Mzungu yalikuwa suala la maadili. Mwili wa Mwafrika ulikuwa mandhari, kama maporomoko ya maji na twiga.

Watawala wa kikoloni huku kwetu nao walikagua sinema kwa jicho hilo hilo. Kulikuwa na filamu walizoruhusiwa Wazungu na kukatazwa Waafrika, kwa kuwa ilihofiwa kwamba Mwafrika akimwona mwanamke Mzungu katika mambo ya mapenzi, heshima ya mtawala ingeshuka. Hata wamishonari walioingia katika sinema kwa nia njema hawakuepukana na hofu hiyo. Kati ya 1935 na 1937, Baraza la Kimataifa la Wamishonari lilidhamini mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, na kupata fedha zake kutoka shirika la Carnegie la Marekani. Mradi huo ulitengeneza filamu za kilimo na afya, ukazionyesha Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Ni jambo la kusifiwa kwamba Wakristo hao hawakuishia katika kukataza, walitengeneza. Lakini swali lililowashughulisha lilikuwa sinema itamfanya nini Mwafrika anayeitazama. Nani aliyewauliza wale wanawake wa Trader Horn kama walijua picha zao zinapelekwa wapi?

Nije sasa kwenye filamu ambayo jina lake hutajwa kila mjadala huu unapozuka. Last Tango in Paris, ya mwelekezi Mwitaliano Bernardo Bertolucci, ilitoka mwaka wa 1972. Nchini Italia ilishtakiwa, na mwaka wa 1976 mahakama ya juu ikaamuru nakala zake ziharibiwe. Mwelekezi alipewa kifungo kilichoahirishwa na kunyang'anywa haki ya kupiga kura kwa miaka mitano. Wachamungu walifurahi, wapenzi wa sanaa wakalia. Pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya picha. Maria Schneider, mwigizaji wa kike, alikuwa na umri wa miaka 19 filamu hiyo ilipopigwa, akiigiza na Marlon Brando aliyemzidi kwa miaka 28. Mnamo 2007 alieleza kwamba sehemu moja ya unyanyasaji katika filamu haikuwamo katika mswada aliopewa, kwamba machozi yanayoonekana yalikuwa machozi ya kweli, na kwamba alijihisi kama aliyebakwa. Alifariki mwaka wa 2011. Mwaka wa 2013 mwelekezi alikiri kwamba yeye na Brando walimficha binti huyo jambo lililokuwa likimngoja, kwa kuwa alitaka kuona fedheha ya msichana mwenyewe badala ya uigizaji wake.

Hebu tumwite Nathani atusomee kesi hiyo. Mahakama ilimwadhibu mwelekezi kwa kosa dhidi ya macho ya Waitaliano. Kwa kosa dhidi ya Maria Schneider hakuadhibiwa na mtu. Wanasanaa walimtetea kwa jina la uhuru, lakini uhuru wa nani? Mwana-kondoo alikuwa pale kwenye skrini, machozi yakimtoka, na wote waliokuwa wakigombana hawakumwona. Ikiwa Mkristo ana neno lake la pekee la kusema juu ya sinema ya ashiki ya kale, neno ambalo mkaguzi wa serikali na mhakiki wa gazeti hawana, basi ni hili: yule ni jirani yangu.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na madarasa yetu. Filamu ya Romeo and Juliet iliyoelekezwa na Franco Zeffirelli, iliyotoka 1968, imewasaidia walimu wa fasihi wa nchi nyingi kuufundisha mchezo wa Shakespeare. Ina sehemu fupi ambapo vijana wawili wanaonekana uchi chumbani. Waigizaji wenyewe, Olivia Hussey na Leonard Whiting, walikuwa hawajatimiza miaka 18. Mwishoni mwa 2022 waliishtaki kampuni ya Paramount wakidai kwamba waliahidiwa mavazi ya rangi ya ngozi, kisha siku ya kupiga picha wakaambiwa wavue. Mahakama ya California iliitupilia mbali kesi hiyo mnamo Mei 2023, na ni haki niseme pia kwamba Hussey, miaka michache kabla ya kushtaki, alikuwa ameitetea sehemu hiyo hadharani. Huyu Olivia Hussey ndiye aliyeigiza Mariamu, mama yake Yesu, katika Jesus of Nazareth ya mwaka wa 1977, filamu ya Zeffirelli huyo huyo ambayo Wakristo wengi hukaa kuitazama kila Pasaka. Mwigizaji mmoja, mwelekezi mmoja. Anayehukumu kwa kivumishi atasema filamu moja ni chafu na nyingine ni takatifu. Anayehukumu kwa kitenzi atamwuliza binti yule alitendewa nini katika kila mojawapo.

Kwa wale wanaosema "ni sanaa", nina neno kwao pia. Uzee haumtakasi mtu, sembuse filamu. Miaka 50 ikipita, unyanyasaji haugeuki kuwa urithi wa utamaduni. Mwaka huo huo wa 1972 ilitoka Deep Throat, filamu ya ponografia ambayo wakati huo watu wenye elimu zao walijivunia kuitazama kama ishara ya usasa. Mnamo 1980 mwigizaji wake, Linda Boreman, alichapisha kitabu akieleza kwamba mumewe alimlazimisha kwa vipigo na vitisho. Mwaka wa 1986, mbele ya tume ya serikali ya Marekani, alisema kwamba kila anayeitazama filamu ile anamtazama yeye akibakwa. Mtu akishayasikia hayo, hawezi tena kujificha nyuma ya neno "sanaa" wala neno "historia". Kutazama nako ni kitenzi, na mtenda wake ni mimi.

Najua nitaulizwa: je, hoja hii haiwafungulii vijana mlango wa kutazama uchi wowote, maadamu waigizaji walilipwa na wakaridhia? La hasha. Kipimo cha jicho bado kipo. Ziko filamu ambazo hakuna aliyeumizwa katika kuzitengeneza, na bado zinamfunza mtazamaji kuwaona binadamu wenzake kama nyama kwenye ndoano ya bucha. Tena Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya vyakula vilivyotolewa kwa sanamu, alikubali kwamba mwenye ujuzi huenda asidhurike, lakini akataka ujuzi huo usimkwaze ndugu aliye dhaifu. Mwanafunzi anayejua kwamba picha fulani zitamtesa usiku kucha anafanya busara kuziacha, na asichekwe. Mwalimu anayeweza kuitazama filamu kama mtafiti asidhani kwamba darasa zima lina kifua kama chake. Ninachokataa ni kuacha bila kujua kwa nini unaacha, na kutazama bila kujua unatazama nini.

Kwa vitendo, mwalimu mwenzangu, hili linadai kazi. Filamu unayotaka kuionyesha itazame yote kwanza, peke yako, hadi mwisho. Fuata umri uliowekwa; kidato cha pili si mahali pa filamu ya miaka 18, hata iwe imepata tuzo ngapi. Waambie wanafunzi mapema yaliyomo, na umpe nafasi ya kutoka asiyetaka, bila kumwaibisha. Kisha wafundishe kuuliza: Kisa hiki kinatushusha kutoka kwenye paa la Daudi, au kinatuacha pale tuendelee kutazama? Kamera inakaa usoni pa mtu, au inamkatakata viungo? Aliyevua alivua, au alivuliwa? Filamu isiyoweza kuyastahimili maswali hayo haifai darasa, na majibu yake yatakuwa funzo kubwa kuliko marufuku.

Kwa nini ninalisisitiza jambo hili, na ilhali sinema zenyewe ni za zamani na wengi wa waliozitengeneza wamekwisha kufa? Kwa sababu jinsi tunavyowafunza vijana kuihukumu sinema ndivyo watakavyohukumu watu. Mara kwa mara katika vyuo vyetu huvuja video ya mwanafunzi, aghalabu msichana, iliyorekodiwa faraghani na kusambazwa na mtu aliyemwamini. Kwa saa chache huwa imefika katika simu za nusu ya mtaa. Halafu huja hukumu. "Video chafu," watu husema, na uchafu humwangukia yeye aliyemo. Huondolewa katika kwaya au katika uongozi wa kikundi cha Wakristo, huhama chumba, wengine huacha masomo. Aliyerekodi na kusambaza huendelea kuketi darasani. Ni yale yale ya mwanamke wa Injili ya Yohana aliyeletwa peke yake kupigwa mawe, kana kwamba alizini bila mwenzake.

Sheria ya nchi, kwa bahati, inatumia kitenzi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka wa 2018, kifungu cha 37, inamwadhibu anayesambaza picha za faragha za mtu mwingine, kwa faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au adhabu zote mbili. Kosa liko kwa mtenda. Na Maandiko yalikuwa yamekwisha kusema kabla ya Bunge. Nuhu alipolala uchi hemani mwake, Hamu aliona akatoka kwenda kuwaambia wengine. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Laana iliyofuata imepotoshwa mno dhidi ya watu weusi, lakini tofauti ya vitenzi vya ndugu hao iko wazi: mmoja alitangaza, wawili walisitiri.

Jina la Wendani, kwa Kikuyu, linatokana na upendo wa watu baina yao. Mtaa wenye jina hilo umejaa vijana wenye simu, wanaotazama na kusambaza mengi usiku na mchana. Hatuwezi kuwafuata vyumbani. Tunaloweza ni kuwapa swali la kwenda nalo huko. Mwalimu na mchungaji wasipowapa swali hilo, siku video nyingine itakapoingia katika simu zao watalitafuta neno la kulisema, na watakalolipata ni lile lile tuliloliacha mimbarini: chafu. Binti aliyemo ndani yake atasimama tena peke yake.